Uzoefu Wangu na Kipimo cha Mkazo cha Towa: Uzi wa Bobini Usichungulie Juu ya Nembo

Kazi yangu kubwa ni kudarizi nembo za shule kwenye masweta na mashati ya sare, na katika kazi hiyo hakuna kasoro inayomkera mteja upesi kama uzi mweupe wa bobini (kile kigurudumu kidogo chenye uzi wa chini wa mashine) unaochungulia pembezoni mwa herufi. Kwenye sweta la buluu iliyokolea, vinukta hivyo vyeupe ndivyo jicho linavyoviona kwanza. Ndiyo sababu nilinunua kipimo cha mkazo wa uzi wa bobini cha Towa, kinachotengenezwa Japani.

Kifaa chenyewe ni kidogo na kinashikika kwa mkono mmoja. Kina mahali pa kupachika kesi ya bobini (kikopo cha chuma kinachoshikilia bobini ndani ya mashine), kigurudumu cha kupitishia uzi, na uso wenye mshale unaosoma gramu. Unapachika kesi ikiwa na bobini yake, unapitisha uzi kwenye kigurudumu, kisha unauvuta taratibu kwa mwendo mmoja. Kipimo cha kuzingatia ni pale mshale unapotulia uzi ukiwa bado unatembea, si pale unaporuka mwanzoni. Kwa uzi mwembamba wa poliesta chini na uzi wa namba 40 juu, mimi hulenga kati ya gramu 18 na 22.

Ile njia ya mafundi ya kuning'iniza kesi kwa uzi wake na kuitikisa ili kuona kama itashuka kidogo na kusimama si mbaya, ila inategemea mkono wa anayetikisa, na mimi na msaidizi wangu hatukuwahi kukubaliana juu ya jibu lake. Sasa tunasoma namba moja. Faida kubwa zaidi ni kwamba kipimo kinaonyesha tatizo liko upande gani, kwa kuwa uzi wa chini unapopanda juu wengi wetu hukimbilia kulegeza mkazo wa juu, ilhali kesi ndiyo iliyolegea, na matokeo yake mshono wote unakosa nguvu.

Kesi yangu moja ilisoma gramu 12 ingawa hakuna aliyegusa skrubu yake. Nilipopitisha ukingo wa kadi ngumu chini ya kile kibati cha chemchemi kinachobana uzi, kilitoka kidonge cha vumbi la nyuzi kisichozidi punje ya ufuta. Kilikuwa kimeinua kibati, na uzi ukawa unapita bila kubanwa. Baada ya kusafisha, mshale ulirudi kwenye kiwango chake bila bisibisi. Tangu hapo kusafisha huja kwanza, na skrubu ikibidi kuguswa huzungushwa kidogo sana, kisha tunapima tena.

Kipimo kikisoma vizuri na weupe bado ukaonekana, tatizo liko juu: mkazo wa juu umezidi, uzi unakwama kwenye koni, au sindano imechoka. Hapo kifaa hakisaidii, na hakichukui nafasi ya jaribio la kudarizi herufi I pana kwa mshono wa satini, ule wa nyuzi zilizolala zikibanana, na kuigeuza nyuma, ambako uzi mweupe unapaswa kuchukua theluthi moja ya katikati, na rangi ikabaki pande zote mbili. Wapo wanaoweka bobini nyeusi kwenye nguo nyeusi. Hilo linaficha kasoro, na kwa kazi ya haraka silipingi, lakini mkazo unabaki vilevile.

Bei yake si ya mchezo, hivyo kwa anayedarizi nguo chache nyumbani nisingekipendekeza. Aidha, hutengenezwa kwa ukubwa tofauti wa kesi, L na M, kwa hiyo nenda dukani na kesi yako mkononi. Na kama mashine yako ni ile ambayo bobini hudumbukizwa kwa juu, hiki changu hakiingiani nayo.