Skana ya mkononi ya OBD2: isifuni kwa kurasa zake za ndani, si kwa kitufe cha kufuta

Skana ninayoizungumzia, yaani kifaa cha kusoma hitilafu kutoka kwenye kompyuta ya gari kwa mfumo wa OBD2, ni ya mkononi, ina kebo yake na kioo cha rangi, haihitaji simu wala Bluetooth. Boksi lake linajisifu kwa herufi kubwa kwamba inasoma na kufuta kodi za taa ya injini, yaani namba za hitilafu. Hilo ni dogo, kila skana inafanya. Mimi naipenda kwa yale yaliyoandikwa kwa herufi ndogo pembeni: data ya papo hapo, kumbukumbu ya hali ya gari wakati hitilafu ilipotokea, na orodha ya majaribio ambayo gari linajifanyia lenyewe. Taa ikiwashwa na mfumo wa kudhibiti moshi, kurasa hizo ndizo zinazokuokoa usinunue kifaa ambacho hakijafa.

Kuichomeka hakuna ufundi wowote. Tundu lenye pini 16 liko chini ya dashibodi upande wa dereva, na limekuwa lazima kwa magari yanayouzwa Marekani tangu 1996. Umoja wa Ulaya ulifuata kwa magari ya petroli 2001. Kodi nyingi zinazoanza na P0 zina maana moja kwa kampuni zote, kwa hiyo skana ya jumla kama hii inatosha kuanzia.

Gari langu liliwasha taa bila kubadilika tabia hata kidogo. Halikumisi, nguvu ilikuwa ile ile, na taa ilitulia, haikupepesa. Ingepepesa ningeegesha palepale, maana hapo injini inamisi vibaya na petroli isiyoungua inakwenda kuyaunguza masega, kile kifaa cha kwenye eksozi kinachosafisha moshi. Skana ikaleta P0420: ufanisi wa masega uko chini ya kiwango, benki 1, yaani upande wa injini wenye silinda namba moja. Chini yake, kwa ujasiri mkubwa, ikaandika: badilisha masega.

Ushauri huo naukataa kabisa, na ndio udhaifu mkubwa wa kifaa hiki. Kompyuta ya gari haina sensa inayochungulia ndani ya masega. Inalinganisha sensa mbili za oksijeni, moja mbele ya masega na nyingine nyuma yake. Ya mbele, kama ni ya aina ya kawaida, inapanda na kushuka kati ya volti 0.1 na 0.9 bila kupumzika. Ya nyuma inatakiwa itulie, mara nyingi kwenye 0.6 hadi 0.7, kwa sababu masega mazima yanahifadhi oksijeni na kuitumia. Ya nyuma ikianza kuiga ya mbele, kompyuta inayahukumu masega. Lakini hewa ikiingia kwenye eksozi kupitia tundu lililo kabla ya sensa hizo, zote mbili zinadanganyika, na hukumu inatoka ile ile.

Kwa hiyo sikugusa kitufe cha kufuta. Nilifungua kwanza ile kumbukumbu ya tukio: injini ilikuwa imepata moto vizuri, mwendo wa wastani, mzigo mdogo. Hapo hapo kulikuwa na marekebisho ya mafuta ya muda mrefu, yaani asilimia ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza petroli ikiona hewa imezidi au imepungua, na yalikuwa juu. Nikawasha injini, nikaiacha ipate moto, nikaweka mistari ya sensa mbili kwenye grafu moja huku nikiangalia marekebisho hayo. Ikiwa sailensa, yaani mguu hauko kwenye eksileta, yalisimama kwenye asilimia 14 za kuongeza. Nikapandisha resi, yakashuka hadi 4. Gari lenye pampu dhaifu lingefanya kinyume: resi zikipanda, ndipo mafuta yangepungua. Hili lilikuwa linaonyesha hewa inayoingia mahali, na hewa hiyo ina athari kubwa zaidi injini ikiwa inazunguka polepole.

Mipira ya vakyumu na manifoldi ya kuingizia hewa nilizikagua, zote zilikuwa nzima. Ndipo nikaenda kwenye eksozi, injini ikiwa imewashwa lakini bado baridi. Mtu akaziba bomba la nyuma kwa kitambaa kinene kwa muda mfupi, nami nikasikiliza chini ya boneti. Ukasikika mlio wa tsss kwenye kiungo kati ya manifoldi na bomba, sentimita chache kabla ya sensa ya mbele. Nikamulika tochi: kulikuwa na masizi meusi yaliyochora mstari mwembamba kutoka kwenye gasketi hadi kwenye kichwa cha bolti. Gasketi ilikuwa imeliwa upande mmoja. Ilipobadilishwa, marekebisho ya mafuta yakarudi karibu na sifuri, na ule mstari wa sensa ya nyuma uliokuwa ukirukaruka ukalala. Masega ni yale yale hadi leo.

Naomba mnielewe kuhusu kitufe cha kufuta. Ukikibonyeza, ile kumbukumbu ya tukio inapotea pamoja na kodi, na majaribio yote ya gari yanaanza upya. Anayekuja baada yako anakuta daftari tupu. Inaniuma ninapoona gari linafutiwa kodi kabla mtu hajaandika hata namba moja.

Ukurasa wa majaribio niliufahamu vizuri kwa gari la dada yangu. Lilikuwa na P0455, uvujaji mkubwa kwenye mfumo wa mvuke wa petroli. Watu huanza na kifuniko cha tanki, na ni sawa, nasi tulianza hapo. Mpira wake ulikuwa mzima. Yeye ndiye aliyetoa kidokezo: gari lilikuwa gumu kuwaka kila akitoka kujaza mafuta. Hiyo ni dalili ya valvu inayopitisha mvuke kwenda injini kukwama ikiwa wazi. Skana hii haiwezi kuiamuru valvu ifunge wala ifungue, hilo ni pengo la kweli, kwa hiyo tulipima kwa mkono. Injini baridi, ikiwa sailensa, tukachomoa mpira unaotoka kwenye kopo la mkaa linalonasa mvuke wa petroli, nikaweka kidole kwenye mdomo wa valvu. Kidole kikavutwa. Wakati huo valvu ilipaswa kuwa imefungwa kabisa.

Baada ya valvu mpya taa ilizimwa, lakini hatukusema imepona. Tulisubiri jaribio la mvuke likamilike kwenye ukurasa ule, na hilo ndilo linalochelewa kuliko mengine yote: magari mengi hayalifanyi tanki likiwa karibu tupu au limejaa sana, na yanataka injini iwe imelala ikapoa. Lilipoonyesha tiki bila kodi mpya hata ile ya kusubiri, yaani ambayo bado haijawasha taa, ndipo dada yangu alipoamini.

Kasoro nyingine ni ndogo. Kioo hakisomeki juani. Kwenye magari ya zamani namba zinakuja polepole, basi weka mistari miwili tu kwenye grafu, ukiweka minne utaona picha ya uongo. Kebo ni ndefu ya kutosha kuikalisha skana kwenye kiti cha abiria, jambo jema kwa anayepima akiwa na msaidizi barabarani; dereva asiangalie grafu.

Kwa gari la petroli naipendekeza kwa moyo wote. Mwenye gari la dizeli lenye chujio la masizi atafute nyingine, kwa sababu hii itamsomea P2002 na kuishia hapo. Haina amri ya kuanzisha uunguzaji wa masizi.