Fremu ya jina kutoka Kariakoo: mikono mizuri, maana ya kuokota

Fremu hii moja tumeilipia mara mbili ndani ya wiki tatu, kwa fundi huyohuyo. Naandika kwa sababu ilivyokuja mara ya kwanza na ilivyo sasa ni vitu viwili tofauti, na anayetaka kumwagizia mwanawe au mjukuu wake zawadi kama hii afadhali ajue mapema.

Mtoto ni wa kiume. Baba yake ni mtoto wa kaka yangu, kwa hiyo kwangu ni mjukuu. Amerithi jina la marehemu baba yangu, Jilani. Siku ya saba tulimfanyia akika Bagamoyo, mbuzi wawili, akanyolewa, akaitwa jina mbele ya wazee. Mama yake akatamani fremu ya kutundika ukutani kabla ya arobaini, ile yenye jina kubwa, asili yake na maana yake. Siku hizi zinapendwa sana. Akaagiza kwa WhatsApp kwenye duka moja la kuchapa Kariakoo, akalipa shilingi 35,000, saizi ya A3 pamoja na kioo.

Ililetwa na bodaboda siku ya tatu, hadi mlangoni kwangu Magomeni. Kazi ya mikono sina neno nayo. Kona za mbao zimeungana vizuri. Nilipitisha ukucha kwenye maungio, haukukwama popote. Karatasi ni nene, kijani cha chupa, maandishi ya dhahabu hayabanduki hata ukiyasugua kwa kidole gumba. Nyuma wametia ubao na ndoano mbili za chuma, si ule uzi wa kufungafunga unaokatika ukipita msimu mmoja wa joto. Kwa upande huo nampa fundi alama zote.

Kisha nikavaa miwani nikasoma.

"JELANI. Asili: Kiswahili. Maana: Mwenye nguvu." Chini yake jina kwa herufi za Kiarabu, na hapo ndipo moyo uliponienda mbio. Herufi zilikuwa zimeachana. Jimu peke yake, yee peke yake, lamu peke yake, kama watu wasiojuana wamesimama kituoni wanangoja daladala. Tena zilipangwa kuanzia kushoto kwenda kulia, kinyumenyume. Mtu yeyote aliyekaa chuo cha Kurani miezi mitatu angeliona kosa hilo kutoka mlangoni. Fundi alilichukua jina akalitia kwenye programu isiyojua kuunganisha herufi hizo, akalichapa lilivyotoka.

Lakini hilo ni la kurekebishika. Lililoniuma zaidi ni ile e na yale maneno mawili, "mwenye nguvu".

Nimefundisha Kiswahili shule za msingi miaka thelathini na minne. Jelani si neno la Kiswahili lenye maana ya nguvu. Nilifungua kamusi kwa kuwa nilitaka kuwa na uhakika mbele ya kijana wa watu: kuna jedwali, kuna jela, kuna jemadari, jelani haipo. Na ukitaka kuliunda, utachukua jela na kuitia -ni ya mahali, kama shuleni, sokoni, nyumbani. Basi jelani ni ndani ya gereza. Mtoto wetu ataanza darasa la kwanza na wenzake wanaojua kunyambua maneno. Mimi nimekaa nao, najua siku ya kwanza tu wataliona.

Nguvu kwetu ina jina lake, ni Jabari, na linajitosheleza.

Jilani ni jina la mahali. Kusini-magharibi mwa Bahari ya Kaspi, huko Uajemi, kuna jimbo linaloitwa Gilan. Kiarabu fasaha hakina g, kwa hiyo Waarabu wakalitamka Jilan, na mtu wa huko akaitwa al-Jilani. Ni mpango uleule unaotupa Barawi kwa mtu wa Barawa na Shirazi kwa mtu wa Shiraz. Mtu aliyelibeba jina hilo likasikika duniani ni Sheikh Abdulqadir al-Jilani, aliyezaliwa miaka ya 1070 kwa hesabu ya miladi, akaenda Baghdad akiwa kijana kusoma, akafundisha huko hadi alipofariki mwaka 1166. Kaburi lake liko huko mpaka leo. Tarika ya Qadiria, njia mojawapo ya masufi, inaitwa kwa jina lake. Ndiyo maana jina hili utalikuta limevaa nguo tofauti kila nchi: Wapakistani huandika Gilani, Wasomali Jeylani, Waarabu wengine Kilani au Kaylani.

Pwani yetu lilikuja na tarika hiyo. Sheikh Uways bin Muhammad wa Barawa, mji ambao wenyeji wake wana Kiswahili chao, Chimiini, alifika Unguja enzi za Sultani Sayyid Barghash na kuieneza Qadiria sana, kabla hajauawa mwaka 1909 huko Usomali. Na sisi watu wa Bagamoyo tunaye Sheikh Yahya bin Abdallah, Sheikh Ramiya. Huyu aliletwa pwani kutoka upande wa Kongo akiwa mtoto mdogo, mtumwa. Akasoma, akawa mwanachuoni, akawa khalifa, yaani kiongozi, wa Qadiria, na watu wakawa wanasafiri kutoka bara kuja kwake kutafuta elimu na kuhudhuria maulidi. Alifariki mwaka 1931. Babu yangu aliwahi kukaa katika duara lake la dhikiri, na mwanawe alipozaliwa akamwita Jilani. Kwa hiyo jina hili limeingia nyumbani kwetu kwa mlango unaojulikana. Halikutoka kwenye orodha.

Na ni adimu. Kwenye madaftari ya mahudhurio ya miaka yote hiyo niliwaita akina Jilani wawili tu. Ajabu ni kwamba majina mengine yanayomkumbuka sheikh huyohuyo yamejaa: Abdulkadiri, Kadiri, na Muhidini, ambayo ni lakabu yake, mwenye kuihuisha dini. Akina Muhidini siwezi kuwahesabu. Watu wamechukua jina lake na sifa yake, jimbo lake wakaliacha. Kwa nini, nadhani ni kwa sababu jina la mahali linataka mtu akueleze hadithi yake, na hadithi huchoka upesi kuliko sifa.

Basi nikaichukua fremu, nikaifunga kwenye khanga, nikapanda gari hadi Kariakoo.

Kijana alinipokea vizuri. "Shikamoo mama." Nikamjibu, nikaketi, nikamwonyesha. Hakubisha. Akatoa simu yake akanionyesha alikotoa maneno: tovuti ya Kiingereza ya majina ya watoto, imeandika kwamba Jelani ni Kiswahili, maana yake mwenye nguvu, na chini yake kuna mchoro wa mstari unaopanda na kushuka kuonyesha watoto wangapi wameitwa hivyo Marekani mwaka hadi mwaka. "Mama, si unaona ina na grafu?" Hapo nikamwelewa. Grafu ndiyo iliyomfanya aamini.

Sasa hilo nitalieleza kidogo, maana linawahusu wote wanaotafuta majina kwenye simu. Zile namba za Marekani ni za kweli. Zinatoka kwenye idara yao ya hifadhi ya jamii, inayohesabu majina kutokana na maombi ya kadi zake, na orodha zake zinarudi nyuma hadi waliozaliwa mwaka 1880. Kila namna ya kuandika huhesabiwa peke yake, Jelani mbali na Jilani. Jina lililopewa watoto wasiofika watano katika mwaka halitajwi kabisa, kulinda faragha ya watu. Kwa mwenye jina adimu ni vizuri kujua hilo, kwa sababu kutokuwamo kwenye orodha si kwamba hayupo. Lakini idara hiyo inahesabu tu. Haisemi jina limetoka wapi wala lina maana gani. Maana huongezwa na wenye tovuti, wanakiliana wao kwa wao, kisha wanaiweka karibu na namba za serikali, na namba zinaipa heshima isiyo yake.

Wala simlaumu baba wa Marekani aliyemwita mwanawe Jelani. Miaka ya 1960 na 1970 Wamarekani Weusi wengi walikuwa wanatafuta majina ya Afrika baada ya yao kupotezwa utumwani, na wengi wakakigeukia Kiswahili. Sikukuu yao ya Kwanzaa ilianza mwaka 1966 ikiwa na maneno yetu tu: umoja, kujichagulia, ujima, ujamaa, nia, kuumba, imani. Kuna wanaume wa maana wanaobeba jina hilo leo. Jelani Nelson ni profesa wa sayansi ya kompyuta chuo kikuu cha Berkeley, na mwaka 2011 alianzisha mafunzo ya kompyuta kwa vijana wa Ethiopia. Jelani Cobb ni mwandishi, na tangu 2022 anaongoza shule ya uandishi wa habari ya chuo kikuu cha Columbia. Mzazi akisema "nguvu" akimwangalia mwanawe, hiyo ni dua yake na ni halali yake. Ninachokataa ni kuambiwa, mimi na wajukuu zangu, kwamba hilo ndilo neno letu na hiyo ndiyo maana yake katika lugha yetu.

Kijana alinisikiliza mpaka mwisho, wateja wawili wakisubiri. Kisha akaniuliza, "Kwa hiyo mama tuandikeje?" Akanipa karatasi nyeupe na kalamu ya wino. Nikaandika jina kwa mkono wangu, kulia kwenda kushoto, jimu ikiingia kwenye yee, lamu ikipanda na alifu pembeni yake, nuni, na yee ya mwisho mkia wake nikaurudisha chini ya jina lote. Baba yangu ndivyo alivyokuwa akitia sahihi kwenye barua zake. Fundi akaiskani, akaikuza kwenye kompyuta, akasafisha kingo bila kugusa umbo. Ilimchukua kama dakika ishirini. Hakuharakisha, na hilo sitalisahau.

Kwa kuwa mbao na kioo vilikuwa vilevile, alinitoza karatasi na wino tu, shilingi 15,000. Ningependa asingenitoza kabisa, maana kosa lilikuwa lao, nami nilimwambia hivyo. Alisema maelezo yalipitishwa na mteja kwenye WhatsApp kabla ya kuchapa. Ni kweli, mkamwanangu alituma alama ya dole gumba bila kusoma. Nikalipa. Kijani cha mara ya pili kimekuja chepesi kidogo kuliko cha kwanza, na anayetaka rangi ileile akirudia kazi amwambie fundi ahifadhi namba ya rangi.

Sasa imeandikwa: "JILANI. Jina la Sheikh Abdulqadir, mtu wa Jilan, aliyezikwa Baghdad. Jina la babu wa baba yako, mtu wa Bagamoyo."

Duka nitalirudia. Ukienda, andika maelezo yako mwenyewe, uwaulize wazee waliobeba jina kabla yako, na kama unataka herufi za Kiarabu peleka zilizoandikwa kwa mkono. Usiwaachie wakutafutie maana, hiyo si kazi wanayoiweza. Kwa mbao, kioo na wino sijaona wa kuwazidi kwa bei hiyo.

Kadi ya kliniki nayo ilikuwa imeandikwa kwa e. Jumatatu mkamwanangu alikwenda nayo, nesi akakata mstari mmoja kwa kalamu nyekundu na kuandika i juu yake. Cheti cha kuzaliwa tutakifuatilia RITA mwezi ujao, kwa herufi hiyo.