Kitufe cha Tab kwenye kubectl: tathmini baada ya kukisanidi katika Bash, Zsh na Fish

Anayeendesha klasta za Kubernetes (makundi ya kompyuta yanayoendesha programu kwa pamoja) kwa programu ya kubectl hukutana mapema na majina ambayo hakuna aliyekusudia yaandikwe kwa mkono. Diploimenti, yaani maelezo ya programu unayotaka iendeshwe, ikiitwa malipo, podi zake (nakala za programu hiyo zinazoendeshwa) zitaitwa kitu kama malipo-7c9d8b6f5d-x2kqz, na kila podi inapokufa, nyingine huzaliwa ikiwa na mkia tofauti. (Mikia hiyo haina irabu, wala tarakimu 0, 1 na 3, ili herufi zikikutana kwa bahati zisije zikaunda tusi.) Kwa muda mrefu nilikuwa nikinakili jina kutoka kwenye orodha ya podi na kulibandika mbele ya amri ya kusoma logi, na mara kadhaa nilibandika jina la podi ambayo ilikwisha kufa. Kubectl inakuja na dawa ya adha hiyo: amri ndogo ya completion, ambayo huchapisha skripti ya kuifundisha sheli yako (programu inayopokea amri unazoandika kwenye terminali) ikamilishe amri pale unapobonyeza Tab. Nimeisanidi katika sheli tatu, na maoni yangu ni kwamba huduma yenyewe ni bora sana, ila njia ya kuifikia inategemea mno sheli uliyonayo.

Kwanza huduma yenyewe. Ukiandika kubectl logs mal kisha ukabonyeza Tab, jina linajazwa hadi pale podi zote za malipo zinapoanza kutofautiana, yaani malipo-7c9d8b6f5d- na kistari chake, halafu linasimama. Ukibonyeza tena unaonyeshwa mikia iliyopo. Unaongeza herufi moja, sema x, na Tab inamalizia iliyobaki. Herufi tatu za mwanzo na moja ya mwisho ndizo nilizoandika mimi. Kilichonivutia zaidi ni kwamba majina hayo hayakutoka kwenye faili lolote la kompyuta yangu, bali yaliulizwa kwenye klasta wakati uleule nilipobonyeza. Amri ndogo, chaguzi, aina za rasilimali, neimspesi (vigawanyo vya ndani ya klasta) na hata miktadha, yaani mipangilio inayoiambia kubectl izungumze na klasta ipi, vyote vinakamilishwa vivyo hivyo.

Siri yake ni kwamba skripti unayoisakinisha ni tarishi tu. Unapobonyeza Tab, inachukua maneno uliyokwisha kuandika, inayapeleka kwa kubectl kupitia amri iliyofichwa inayoitwa __complete, na inakuletea majibu. Ndiyo maana kubectl ikiongezewa chaguo jipya, Tab inalijua bila wewe kubadilisha chochote. Amri hiyo iliyofichwa unaweza kuiita mwenyewe: andika kubectl __complete logs "" na utaona majina ya podi yakichapishwa moja moja, na chini yake nukta mbili zikifuatwa na namba. Namba 4, kwa mfano, inaiambia sheli isijaribu kupendekeza majina ya mafaili. Kipimo hiki ndicho ninachokiamini kuliko vyote. Majina yakitoka hapa na Tab ikawa kimya, tatizo liko kwenye sheli. Yasipotoka, usiiguse sheli, kagua mawasiliano yako na klasta au ruhusa ulizopewa.

Sasa usanidi, ambako maoni yangu yanagawanyika. Nianze na Bash, kwa sababu ndiyo iliyonipotezea jioni nzima. Maelekezo ya kawaida ni kuongeza mstari mmoja kwenye faili la .bashrc, ambalo Bash hulisoma inapofunguliwa: source <(kubectl completion bash). Mstari huo ni sahihi, lakini unachukulia kwamba kifurushi cha bash-completion kimekwisha kusakinishwa na kimekwisha kupakiwa. Kwenye kompyuta ya mezani mara nyingi kipo; kwenye seva iliyopunguzwa au ndani ya kontena mara nyingi hakipo, na hapo ukibonyeza Tab unatupiwa katikati ya amri yako malalamiko kwamba _get_comp_words_by_ref haipatikani. Jina hilo halimwambii mgeni chochote, kwani ni fankisheni ya kile kifurushi kinachokosekana, wala halihusiani na Kubernetes. Mimi niliisakinisha kubectl upya mara mbili kabla ya kung'amua kwamba haikuwa na kosa. Njia fupi ya kuhakikisha ni kuandika type _init_completion: ukipata maelezo ya fankisheni, kifurushi kimepakiwa, ukiambiwa haipatikani, anzia hapo.

Watumiaji wa macOS wana mtihani wa ziada. Bash inayokuja na mfumo huo imebaki toleo la 3.2, ilhali bash-completion ya kizazi cha pili inataka Bash ya kuanzia 4.1, na skripti ya kubectl haifanyi kazi sawasawa na kifurushi cha kizazi cha kwanza. Unaweza kusakinisha Bash mpya, ila ukumbuke kukagua kwamba terminali yako imeanza kuitumia hiyo na si ile ya zamani. Wengi hawana haja ya kuhangaika hivyo, kwa sababu tangu mwaka 2019 sheli ya kawaida ya macOS ni Zsh.

Jambo jingine kuhusu ule mstari wa source ni kwamba unaiendesha kubectl kila unapofungua terminali, hata siku ambayo huna kazi yoyote na klasta. Ukiwa na zana tano zenye mistari ya namna hiyo, utauhisi uzito wake. Mimi niliuondoa na badala yake nikayahifadhi matokeo ya kubectl completion bash katika faili liitwalo kubectl ndani ya saraka ya ~/.local/share/bash-completion/completions. Kifurushi hulisoma faili hilo pale tu unapobonyeza Tab mbele ya neno kubectl kwa mara ya kwanza. Sharti ni kwamba jina la faili lifanane na jina la amri. Ukiliita jina jingine halitasomwa, na hutapata onyo lolote.

Zsh kwangu ilikuwa rahisi zaidi, ingawa ina mtego wake, nao ni mpangilio wa mistari. Mstari wa source ukitangulia mahali compinit (fankisheni inayowasha ukamilishaji wa Zsh) inapoitwa katika .zshrc, utapata kosa la command not found: compdef, na tiba yake ni kuweka juu ya mstari huo mistari miwili, wa kwanza autoload -Uz compinit na wa pili compinit. Anayependa kutumia faili aliite _kubectl, aliweke katika saraka iliyotajwa kwenye fpath (orodha ya saraka ambamo Zsh hutafuta fankisheni zake) kabla ya compinit kuitwa, na mabadiliko yasipoonekana afute .zcompdump, ambalo ni faili la kumbukumbu linaloweza kuendelea kushikilia hali ya zamani. Faida yake ni kwamba kila amri ndogo inaorodheshwa pamoja na maelezo mafupi, na hiyo ni njia nzuri ya kujifunza zana usiyoizoea.

Kuhusu Fish sina mengi ya kusema, na hiyo ni sifa. Nililihifadhi faili la kubectl.fish katika ~/.config/fish/completions, nikabonyeza Tab, ikafanya kazi.

Wengi wetu tumejiwekea lakabu ya k badala ya kuandika kubectl. Zsh inaielewa lakabu hiyo bila msaada, na Fish pia, lakini Bash haihusishi lakabu na amri yake ya asili, kwa hiyo inabidi kuongeza mstari wa complete -o default -F __start_kubectl k. Hapa ndipo ile mbinu yangu ya faili linalosomwa kwa kuchelewa ilipogongana na lakabu: fankisheni ya __start_kubectl haipo mpaka neno kubectl lenyewe liguswe na Tab. Nilirudi kwenye mstari wa source katika kompyuta ninayotumia lakabu, nikaubakiza mtindo wa faili kwenye nyingine.

Kasoro mbili za matumizi ya kila siku zinahitaji kutajwa. Ya kwanza ni kasi. Kwa kuwa Tab inauliza klasta, mtandao ukiwa mzito terminali inasimama hadi jibu lirudi, na klasta isipofikika hupati jina wala sababu. Ya pili ni mahali pa neimspesi. Ukiandika kubectl logs kisha Tab, ukikusudia kuongeza -n malipo mwishoni, utaletewa podi za neimspesi ya kawaida, kwa kuwa Tab inajua yale tu yaliyokwisha kuandikwa. Andika kubectl -n malipo logs kwanza, ndipo ubonyeze.

Hali hiyohiyo ya kujua machache ndiyo inayonitia wasiwasi kwenye amri ya delete. Jina likiwa limebaki moja tu, Tab inalijaza lote na kuacha nafasi mbele yake, na kidole kimezoea kwamba kinachofuata ni Enter. Podi ya majaribio na ya uzalishaji zinaweza kuanza kwa neno lilelile, na Tab itakamilisha kwa majina ya klasta yoyote ambayo muktadha wako unaielekea kwa wakati huo. Kwa sababu hiyo nimeweka jina la muktadha kwenye kidokezo cha terminali yangu, yaani maandishi yanayotangulia kila amri, na kwa delete pekee huwa naandika neimspesi kwa mkono, herufi kwa herufi, bila Tab.