Rada ya fimbo kwenye tangi la mafuta ya alizeti: msimu wangu wa kwanza nayo

Kiwandani kwetu Kizota, hapa Dodoma, tunakamua alizeti, na mimi ndiye fundi umeme. Tangi letu la mafuta ghafi lina kipenyo cha mita 3 na kimo cha mita 6, limesimama juani bila hata kibanda. Ukipiga hesabu, kila sentimita moja ya kimo ni lita 70 na ushee. Mtu akikosea sentimita 3 kwenye kijiti cha kupimia kimo, tayari amepoteza, au amezua, madumu kumi ya lita 20.

Kabla ya rada hii inayopima kimo cha mafuta, tulikuwa na kipimo cha mawimbi ya sauti juu ya paa la tangi. Hicho nusura kimfukuzishe mtu kazi. Saa nane mchana kilisema mafuta yamepungua, alfajiri kikasema yamerudi. Mlinzi wa mchana aliitwa ofisini mara mbili kujieleza, maskini, wala hajui hata valvu inafunguliwa upande gani. Kumbe kipimo kile huhesabu muda wa mwangwi, na sauti hukimbia zaidi kwenye hewa ya moto, karibu asilimia 0.17 kwa kila nyuzi moja. Kinajirekebisha, ndiyo, ila kipimajoto chake kiko kichwani, na kichwa kimekaa kwenye bati lililopigwa jua tangu asubuhi. Kinadhani hewa yote ya ndani ina moto kama chenyewe, basi kinauona uso wa mafuta uko mbali kuliko ulivyo. Mwizi wetu alikuwa jua.

Rada ya fimbo (ndivyo tunavyoiita sisi) haina ugomvi huo. Fimbo ya chuma cha pua inashuka mpaka karibu na sakafu ya tangi, na kichwa kilicho juu kinatuma mipigo ya mawimbi ya sumakuumeme inayoteremka ikiifuata. Ikigusa mafuta, sehemu yake inarudi. Kwenda na kurudi mita moja ni nanosekunde 6.7 hivi, na joto la hewa, vumbi au mvuke havibadilishi muda huo kiasi cha kukusumbua. Wiki ya kwanza nilipanda ngazi saa nane mchana na saa kumi na moja alfajiri, kijiti mkononi, nikilinganisha. Tofauti haikuzidi sentimita moja, tena nadhani kosa ni la kijiti.

Lakini msidhani nilifika hapo kwa raha. Mafuta hurudisha mwangwi hafifu kwa sababu namba yake ya dielektriki (ndiyo inayoamua mwangwi uwe na nguvu kiasi gani) ni ndogo: hewa ni 1, mafuta ya alizeti karibu 3, maji karibu 80. Muuzaji, ambaye sitamtaja, akatupa fimbo iliyo ndani ya bomba lenye matundu, kwa kuwa aina hiyo hukuza mwangwi. Ni kweli inaukuza. Ila hakuuliza kama mafuta yetu ni ghafi au yamesafishwa, na mimi sikujua kwamba ni swali la kuulizwa. Mafuta ghafi yana ute na nta. Ulipofika mwezi wa saba na usiku wa baridi, ule ute ukaziba matundu. Mafuta ya ndani ya bomba yakabaki juu, ya tangini yakashuka, na kioo cha kusomea kimo kinaonyesha mita 2 huku pampu inavuta upepo. Tulibadilisha kwa gharama zetu tukaweka fimbo moja tupu. Kwa kitu kinachonata, chukua fimbo tupu tangu mwanzo.

Fimbo tupu nayo ina masharti yake, maana inaona vitu vya jirani. Yetu iliona mafuta sentimita 40 kutoka juu, wakati tangi lilikuwa nusu. Sababu ilikuwa shingo ya bomba tuliyoifungia: nyembamba na ndefu. Mchomeleaji akaikata ikawa fupi, tukasogea mbali na ngazi ya ndani, kisha tukakihifadhia kichwa picha ya mwangwi wa tangi likiwa tupu ili kijue vya kupuuza. Na karibu kabisa na kichwa kuna eneo ambalo hakisomi vizuri, kwa hiyo king'ora cha kujaa nimekiweka chini zaidi ya hapo.

Halafu mwizi akarudi. Safari hii rada ilionyesha kimo kinashuka taratibu kwa siku tatu, valvu zimefungwa kwa kufuli. Mzee wetu wa stoo akanitazama, akasema, "Mwanangu, na hii ya pikipiki nayo inadanganya?" (Bei yake ilizidi pikipiki mpya, na hajawahi kutusamehe.) Nikapima joto. Mafuta yaliingia yakitoka kwenye chujio yakiwa na nyuzi 60, sasa yamefika 30. Mafuta ya mimea hutanuka karibu asilimia 0.07 kwa kila nyuzi moja, kwa hiyo kwenye kimo cha mita 4, nyuzi 30 ni sentimita 8 hivi. Hizo ni zaidi ya lita 550 ambazo hazijaenda popote! Rada ilisema kweli: inapima kimo, haipimi kilo. Tangu siku hiyo daftari lina safu ya joto, na mauzo yetu bado yanapita kwenye mzani.

Waya ni mbili tu, volti 24, na mkondo wa miliampia 4 (tangi tupu) hadi 20 (limejaa). Nilichopenda ni kwamba kioo kikizingua naweka mita yangu: tangi likiwa nusu nipate 12, basi najua kosa liko kwenye kioo. Kwa radi zetu za Januari, msifunge bila kinga ya umeme wa radi. Na kabla ya kulipa, ombeni nywila ya mipangilio. Sisi tuliifuatilia kwa simu wiki mbili.

Rafiki yangu wa Kibaigwa anataka kuifunga kwenye silo la mahindi. Inafanya kazi, lakini huko fimbo haifai, ni kamba ya chuma, na mahindi yanaposhuka huivuta kwa nguvu ya kutisha. Nimemwambia aanze na paa la silo, kama linaweza kubeba.

Kijiti bado kinaning'inia kwenye msumari wake. Kila Jumamosi Mzee wa stoo anapanda nacho, anarudi na namba yake aliyoiandika kiganjani, na haangalii kioo mpaka nimsomee mimi kwanza.