Kipima mkazo cha nyaya za mlingoti: uzoefu wangu Ziwa Nyasa

Kama mashua yako ina mlingoti wa alumini ulioshikwa kwa nyaya, na mlingoti huo unaushusha na kuusimamisha mara kwa mara, kipimo hiki kinastahili pesa yake. Kama ukishasimama hauguswi mwaka mzima, soma kwanza habari ya rula hapo chini, huenda ukabaki na hela zako.

Mimi naishi Mbeya mjini, mashua iko Matema, Kyela. Ni mashua ndogo ya faiba, nyaya zake ni za stenlesi za milimita 3, ule waya mgumu wa nyuzi 19. Kipimo nilichonunua ni Loos PT-1M, kinatoka Marekani. Angalia hiyo M ya mwisho unapoagiza: ndicho cha milimita, kinapokea waya wa 2.5, 3 na 4. Kisicho na M kimepangwa kwa inchi. Wenye nyaya nene za milimita 5 hadi 7 wanahitaji PT-2M. Pima waya wako kwa kalipa kabla hujalipa chochote. Mbeya sijapata duka la vifaa vya tanga, kwa hiyo kiliagizwa, na usafiri na ushuru vilipojumlishwa bei ilikaribia mara mbili ya ile ya dukani. Hilo lihesabu mapema.

Chenyewe ni bapa la alumini linaloenea mkononi. Unaliegemeza kwenye waya, unavuta kamba yake hadi kindoano kiudake waya, kisha unaachia taratibu. Springi inauvuta waya pembeni kidogo, na kadiri waya ulivyokaza ndivyo unavyogoma kupinda. Namba unayoisoma kwenye mstari si kilo. Unaipeleka kwenye jedwali la unene wa waya wako, ndipo unapata mkazo wenyewe. Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba kikishadaka kinaning'inia chenyewe. Mikono yote miwili inabaki huru, mmoja unashika waya usijisokote na mwingine unazungusha skrubu ya kukazia kwa spana, huku namba unaiona ikipanda mbele ya macho yako.

Sasa ukaze hadi wapi? Waya wa milimita 3 wa aina hii hukatika kwenye mzigo wa kama kilo 700. Kwa mashua ndogo, nyaya za ubavuni huwekwa asilimia 10 hadi 15 ya mzigo huo, yaani kilo 70 hadi 105, na waya wa mbele unaweza kuzidi hapo kidogo. Mimi naanzia asilimia 12. Watu wengi wanadhani kukaza sana ndiyo usalama. Siyo. Kila kilo unayoiongeza kwenye waya inausukuma mlingoti chini, na inavuta vyuma vilivyofungwa kwenye ubavu wa mashua. Faiba inapinda polepole bila kukuambia.

Kabla ya kipimo chochote, hakikisha mlingoti umesimama wima. Mimi natumia jarari, ile kamba ya kupandishia tanga kubwa: naishusha hadi kwenye chuma cha waya upande wa kulia, naifunga alama, kisha naipeleka kushoto. Alama isipofika palepale, mlingoti umelala upande mmoja na namba nzuri za kipimo hazitakusaidia. Halafu nyaya ndefu za juu kwanza, zile fupi za chini baadaye, kila upande mizunguko sawa. Na fanya kazi hii mashua ikiwa majini, kwenye maji tulivu, si juu ya trela.

Siku moja nikiwa kwenye kazi hiyo alikuja mzee mmoja mvuvi, akasimama majini, akaupiga waya wa kushoto kwa kidole, kisha wa kulia. "Mwanangu, huu wa kushoto unalia mzito," akasema. Nikaweka kipimo, kweli wa kushoto ulikuwa umelegea kuliko mwenzake. Sikio linaweza kulinganisha nyaya mbili za urefu na unene mmoja, na sikio la mzee wangu ni zuri. Lisichoweza ni kukuambia kama zote mbili zimelegea kwa kiasi kilekile. Hapo ndipo kipimo kinapojilipa.

Na Matema si mahali pa kuacha nyaya zimelegea. Kuanzia Mei hadi Agosti, Mwera unavuma kutoka kusini mashariki, na ziwa lina urefu wa zaidi ya kilomita 550. Sisi tuko ncha ya kaskazini kabisa, kwa hiyo mawimbi yanatufikia yakiwa yameshakua njia nzima. Ongeza upepo wa ghafla unaoteremka Milima ya Livingstone, pale inapoingia majini moja kwa moja. Mlingoti wenye nyaya legevu hutikisika kila mashua inapogonga wimbi, na mtikisiko huo ndio unaochosha waya pale unapoingia kwenye kichwa chake, kuliko hata mzigo wenyewe. Tena waya wa mbele ukilegea, tanga la mbele linatuna na mashua inakataa kubisha, yaani kwenda mshazari dhidi ya upepo. Utapiga bisho mchana kutwa ukitaka kurudi ufukweni.

Habari ya rula ni hii. Chukua rula ya kukunja ya fundi seremala, ya mita 2. Waya ukiwa umelegea lakini haujapinda, funga ncha ya juu ya rula kwenye waya kwa tepu, ncha ya chini iache huru, weka alama ilipoishia. Kaza. Kila milimita 1 ambayo waya unarefuka katika hizo mita 2 ni asilimia 5 ya mzigo wa kukatika, na kanuni hiyo haijali waya ni mnene au mwembamba. Nililinganisha na kipimo, majibu yakakaribiana sana. Tatizo lake ni kwamba lazima uanze na waya uliolegea. Nyaya zikishakazwa, rula haiwezi kukuambia zimekazwa kiasi gani. Kipimo kinaweza, kwa dakika moja.

Hata hivyo, namba za ufukweni ni mwanzo tu. Toka na upepo wa kutosha, mashua ilale kiasi, kisha shika waya wa upande wa demani, ule usiopigwa na upepo. Waya huo ukipoteza mkazo kidogo ni sawa. Ukianza kucheza huku na huku, rudi, ongeza nusu mzunguko kila upande, toka tena. Ukiridhika, pima na uandike namba mpya, ndizo utakazozirudia ukisimamisha mlingoti tena.

Ukimaliza, weka kotapini, zile pini za kuzuia skrubu zisijifungue, kwenye skrubu zote, kunja ncha zake na uzizungushie tepu. Ncha moja iliyochomoza inatosha kuchana tanga la mbele.