Flightradar24 na futi 6,000 ambazo ndege haikuanguka

Ndege ikipatwa na msukosuko mkali, waandishi wa habari hufungua Flightradar24, huduma ya mtandaoni inayofuatilia safari za ndege, kabla abiria hawajateremka. Kwa kujua ndege iko wapi na inatua lini, huduma hii ni bora. Kwa kupima msukosuko ni shahidi dhaifu, hasa mikononi mwa mtu mwenye haraka ya kichwa cha habari.

Mfano ni SQ321 ya Singapore Airlines, Boeing 777-300ER iliyotoka London tarehe 20 Mei 2024. Siku ya pili, ikiwa juu ya Myanmar, ilipigwa na msukosuko. Abiria mmoja alifariki, makumi wakaumia. Grafu ya kimo ya Flightradar24 ilionyesha mstari ukiteremka kutoka futi 37,000 hadi 31,000 kwa dakika kama tatu, na vyombo vingi vya habari vikatangaza kwamba ndege imeporomoka futi 6,000.

Ripoti ya awali ya wachunguzi wa Singapore ilitoka mwezi huohuo. Msukosuko mkali ulianza saa 07:49 UTC (saa ya kimataifa). Ndani ya sekunde 0.6 mvuto uligeuka kutoka +1.35 G hadi -1.5 G (G 1 ni uzito wa kawaida wa mwili; G hasi humrusha mtu juu), kwa hiyo asiyefunga mkanda aliruka juu. Sekunde nne baadaye ukarudi +1.5 G, akabwagwa chini. Kimo kilichopotea katika sekunde hizo 4.6 ni futi 178 tu, kama mita 54. Mteremko wa futi 6,000 ulianza saa 08:06, na marubani ndio walioshusha ndege, wakielekea Bangkok na majeruhi. Piga hesabu: kama futi 1,900 kwa dakika. Ndege hushuka hivyo kila siku.

Kosa hilo lina sababu. Flightradar24 hunasa matangazo ya transponda, kifaa cha redio cha ndege kinachotangaza taarifa zake: mahali ilipo, kimo, kasi ya kwenda mbele na kasi ya kupanda au kushuka. G haimo, na G ndiyo inayovunja shingo. Kimo chenyewe huja kwa hatua za futi 25, na kwenye grafu inayopanda hadi futi 40,000, futi 178 hazizidi sana unene wa mstari. Jicho linavutwa na mteremko mrefu, ambao haukumdhuru mtu.

Ukitaka kusoma vizuri, fungua historia ya safari, cheza marudio, na uache kimo kwanza. Tazama kasi ya wima, yaani ya kupanda au kushuka. Ikirukaruka kati ya chanya na hasi kwa sekunde chache huku kimo kikiwa karibu palepale, hapo ndipo penye msukosuko. Ikikaa hasi, tena thabiti, kwa dakika kadhaa, rubani anashuka kwa hiari yake. Saa ni za UTC, kwa hiyo ongeza tatu kwa Nairobi na Dar es Salaam: 07:49 ni saa nne na dakika 49 asubuhi. Wengi hulinganisha kauli za abiria na dakika isiyo yake kwa sababu hiyo tu.

Toleo la bure lina historia ya siku 7, bila kasi ya wima. Matoleo ya kulipia ni Silver, inayokupa kasi hiyo na siku 90, na Gold, siku 365. Kwa chumba cha habari, Silver si anasa. Msafiri anayetaka kujua kama safari ya kesho itatikisika asilipie chochote hapa, maana historia ya safari humwonyesha yaliyokwisha kupita tu.