Saa kuukuu za marubani wa kijeshi: ipi uanze nayo kama unakaa Unguja au Pemba

Vijana wengi siku hizi wanaulizia saa za marubani za zamani, zile kronografu, yaani saa zenye stopwochi ndani yake, zenye vitufe viwili ubavuni na viduara vidogo ndani ya uso. Shida ni kuwa kila orodha wanayoisoma imeandikwa na mtu wa Ulaya, fundi wake yuko mtaa wa pili na hewa yake kavu. Hewa yetu sie ina chumvi, na masika ikishika hata nguo kabatini zinafanya ukungu, seuze mashini ya saa. Kwa hiyo mie nnazipanga kivyangu: speya zipo? fundi akiifungua ataweza kuirudisha? na pesa unayotoa inalingana na kitu unachopewa? Jina na sifa zije baadae.

Ya kwanza: Poljot 3133, ile ya Kirusi yenye jina la Sturmanskie

Hapa ndo ningemwambia yeyote aanzie. Katikati ya miaka ya 1970 Wasovieti walinunua Uswisi mitambo ya kutengenezea mashini ya Valjoux 7734, wakaibadilisha kidogo, na kuanzia 1976 kiwanda cha kwanza cha saa cha Moscow kikaanza kuitoa kwa namba 3133. Waliitengeneza miaka na miaka, kwa hiyo speya hazijakuwa adimu, na bei yake bado ni mamia ya dola wakati wenzake wengi kwenye orodha hii wako kwenye maelfu. Ni saa ya kutia ufunguo, mashini yake haina mambo mengi, na fundi anaejua Valjoux akiiona tu anaijua.

Sasa sikiliza, feki na za kuungaunga ni nyingi mno, uso umechapishwa jana, mishale imetoka saa nyengine, bodi (kasha la nje) imetoka kwengine. Zile walizopewa marubani zina kitu ambacho 3133 za kawaida hazina: ukivuta kichwa cha ufunguo mshale wa sekunde unasimama palepale, na kwenye mashini mara nyingi utakuta imechorwa 31659. Muuzaji akikwambia ni ya jeshi na ukivuta kichwa sekunde inaendelea kutembea, basi hiyo ni ya raia au imechanganywa, lipa bei ya raia. Na zile za miaka ya 1990 ziliuzwa madukani kwa kila mtu, jina lilelile la Sturmanskie, si mbaya hata kidogo lakini usilipe bei ya jeshi.

Ukiishika mkononi ijaribu hivi, na kama iko mbali mwambie muuzaji akurikodie video. Bonyeza kitufe cha juu, mshale mrefu wa sekunde uanze bila kuruka wala kusita. Iache itembee nusu saa nzima, uangalie kile kiduara cha dakika kilichoko upande wa namba 3 kinasogea sawasawa na saa yenyewe haichoki ikasimama. Kisha isimamishe, bonyeza cha chini: mshale urudi ukae juu ya 12 kamili, sio pembeni kidogo, kamili. Ukikaa pembeni huenda ni mshale umelegea, kazi ndogo hiyo, ila huenda pia ni nyundo ya ndani imelika na hapo unaingia gharama. Jaribio hili lifanye kwa kila kronografu, hata ya bei gani.

Ya pili: Seiko 7A28 ya jeshi la anga la Uingereza

Najua wapenzi wa saa watapiga kelele, saa ya betri! Lakini 7A28 ilipotoka 1983 ilikuwa kronografu ya kwanza duniani ya betri yenye mishale, na jeshi la anga la Uingereza wakaanza kuwapa watu wao mwaka 1984. Ndani yake giya ni za chuma na ina vito 15, inafunguka, inasafishwa, inafungwa, sio kama mashini za plastiki za siku hizi ambazo zikifa unatupa. Nyuma utaona alama ya mshale ya serikali ya Uingereza, namba ya saa na mwaka. Kwa hapa kwetu ina adui mmoja tu, betri kuvuja, ikivuja kwenye joto na unyevu inakula bodi ya umeme, na bodi hiyo ndo kitu kigumu kukipata. Ukiwa huivai miezi toa betri uiweke mbali.

Ya tatu: saa za jeshi la Uingereza zenye mashini ya Valjoux 7733

Hizi nnazipenda kuliko zote kwenye orodha na kama pesa si tatizo kwako ziruke hizo mbili za juu uje hapa moja kwa moja. Kampuni ya Hamilton ndo walianza kuzitengeneza mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakafuata CWC, na miaka ya 1980 ilipoingia wakaja Newmark na Precista, wote bodi ile ile iliyovimba upande wa vitufe ili isigongwe kichwa cha ufunguo. Uso mweusi, namba nyeupe, ile alama ya mshale ya serikali, na herufi T ndani ya duara maana yake rangi ya kung'aa ni ya tritiamu, kitu chenye mionzi kidogo. Geuza nyuma: ikianza 6BB ilikuwa ya jeshi la anga, ikianza 0552 ni ya wanamaji, halafu kuna namba na mwaka. Vyuma vya kushikia mkanda vimechomelewa havitoki, unapitisha mkanda wa nailoni mmoja chini ya saa, na wallahi hakuna mkanda unaofaa Zanzibar kama huo, ngozi kwa jasho letu inanuka na kuoza, nailoni unaifua jioni asubuhi unavaa.

Tritiamu nguvu yake inapungua nusu kila miaka 12 na kitu, kwa hiyo uso wa 1974 hauwaki tena usiku. Ukikuta unawaka sana basi umepakwa upya, bei ishuke.

Ya nne na ya tano

Heuer ya jeshi la Ujerumani Magharibi, 1550 SG, ni kubwa, milimita 43, na ina ile kazi ambayo marubani waliitaka hasa: unabonyeza mara moja tu mshale unarudi sifuri na kuanza tena papo hapo. Rubani alikuwa anajua kasi na upande anaoelekea, anahesabu dakika mpaka pa kugeuzia, akifika pale hana nafasi ya kusimamisha, kurudisha, kuanzisha. Saa nzuri sana. Ila ni maelfu ya dola na fundi asiyezoea kazi hiyo ataiharibu. Type 20 za Wafaransa za miaka ya 1950, akina Breguet, Dodane, Auricoste, Vixa, nazo zina kazi hiyohiyo, serikali yao ilitaka isipotee zaidi ya sekunde 8 kwa siku. Breguet bei yake ni ya nyumba siyo ya saa. Vixa ndo inakaribika kidogo.

Ya mwisho: Hanhart na Tutima za Wajerumani, za wakati wa Vita vya Pili vya Dunia

Kwa anaeanza, usinunue. Feki zimejaa, na rangi yao ya kung'aa ni ya radiamu, haing'ai tena lakini mionzi ipo kwa sababu radiamu inachukua miaka 1,600 kupungua nusu. Kuivaa ikiwa imefungwa kioo kizima si balaa, kuifungua mezani nyumbani ukapuliza vumbi lake ndo hatari, hasa penye watoto. Hata fundi mwambie kabla hajaifungua.

Yoyote utakayoichukua, usiingie nayo baharini, mipira ya vitufe imeshakauka zamani. Ikae kwenye kopo la kufunga vizuri pamoja na vile vipakiti vinavyokuja ndani ya boksi la viatu, uvibadilishe masika ikianza. Na kama una jamaa London au Muscat anaekuja, mwambie aivae mkononi, posta inaigonga.